Picha ya Shingo ya Mama

Neno hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, nililijulia kwenye hasira. Nilikuwa na saiba ndogo ya intaneti Kitengela, upande wa Noonkopir, na mwishoni mwa miaka ya tisini nikawatengenezea tovuti kina mama wa kikundi cha shanga cha Kajiado. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mikufu niliipiga picha akiwa ameivaa yeye, kichwa nikikikata, maana alikataa uso wake utazamwe na watu asiowajua. Ilibaki shingo tu, na kovu dogo la moto chini ya sikio. Oda zikaanza kuja kutoka ng'ambo, na kina mama wakaanza kuezeka mabati.

Kisha afisa wa mradi, aliyetumwa na wafadhili waliolipia tovuti, akashuka kutoka Nairobi na sura ya msiba.

"Madam, hizi picha ni za GIF. Kuna kampuni huko nje iko na hataza ya ile njia ya kuzibana zikuwe ndogo. Inataka tovuti zilipe leseni. Toa zote."

"Si nizibadilishe ziwe JPEG?"

"Hiyo nayo kuna wengine wamejitokeza wanasema ni yao."

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Nilibisha: wakili gani atapanda ndege kuja kushtaki shanga za Kajiado? Akasema tusipozitoa, wafadhili wataifunga tovuti yenyewe. Nikazitoa, yakabaki maneno: mkufu mwekundu, wenye buluu na nyeupe. Nani hununua mkufu kwa kusomewa? Oda zikakauka. Kila siku ya soko mama alipitia saiba kuuliza kama kuna mtu ameandika, na nilichukia kumjibu.

Baadaye hataza ya GIF ikaisha muda wake. Afisa akatuma ujumbe kwamba sasa tuzirudishe, bila hata neno la pole. Kabla ya kuzirudisha nikatazama mtandaoni wengine wanauzaje. Duka moja la ng'ambo lilikuwa na mkufu wetu, mpangilio uleule wa rangi ambao mama alifundishwa na mama yake, ila umetoka kiwandani. Na picha ilikuwa yetu. Kovu lilikuwa palepale.

Nilimwita mama. Akainamia skrini, akajishika shingo.

"Hii si mimi?"

"Ni wewe, yeyo," nikasema, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Na walimwomba nani ruhusa?"

"Hawakumwomba mtu."

"Basi waambie watoe. Si sisi tuliambiwa tukatoa?"

Niliwaandikia hapohapo, yeye akiwa ameketi kando yangu. Hawakujibu. Mama hakuuvaa tena mkufu ule, hata kwenye harusi ya dada yangu.