Ukili Uliolegea Darsani

Shangazi yangu alifundisha nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu kwa vidole vyetu. Kila siku baada ya Alasiri, wanawake tulikusanyika chumbani kwake hapa Kismayo tukisuka ukili, utepe wa miyaa wa kushonea mikeka, huku tukimsikiliza. Sote tulisuka, ila yeye. Somo likiisha alipapasa ukili wa kila mmoja. Palipolegea, akasema: "Hapa hukuelewa," akarudia pale pale. Nilishajaribu kumdanganya kwa kutikisa kichwa. Wapi!

Kisha mtoto wa jicho akamzidi, na binti yake akamtafutia daktari Mombasa. "Asipopatikana mchu wa kukaa hapa kufundisha," shangazi alituambia kwa Kibajuni chake, "darsa ifungwe."

Mimi nilikulia Mombasa, ukimbizini. Niliporudi sikumjua hata jirani. Mkeka ule ndio ulionipa watu. Darsa ikifungwa, nabaki mgeni kwetu. Nikaropoka, "Nitajaribu mimi, shangazi."

Kesho yake, kabla hajasafiri, likaniangukia somo la mansubu, yale maneno yanayofunguliwa kwa fat-ha, irabu a, mwishoni kwa kuwa kitendo kimeyafikia. Nilianza vizuri: nimekula samaki, samaki anafunguliwa. Nikaendelea: nimekesha usiku, na usiku nao unafunguliwa. Jirani yetu muuza samaki akaacha kusuka.

"Abaayo, dada yangu, samaki nimemla, haki yake. Usiku nao nimeula?"

Wakacheka wote. Nilipandwa na hasira, maana kitabuni mimi nilikariri tu, sikuelewa. Nikamtazama shangazi; kaegemea ukuta kama hayupo. Haya, utajiju, nikajiambia.

"Juzi mumeo alipochelewa kurudi kutoka kisiwa cha Koyama," nikamwuliza, "ulilala?"

"Nilale vipi? Nilikesha, we! Usiku ule niliupita wote, tangu Isha mpaka adhana ya Alfajiri. Haukunibakia hata kidogo."

"Basi si umejijibu? Samaki ulimla. Usiku uliupita. Kukesha kwako kumeufikia wote, mwanzo mpaka mwisho, ndiyo maana ukafunguliwa."

Akacheka peke yake. "Kumbe! Na njia je? Niliyotembea mpaka sokoni?"

"Nayo pia."

"Subhanallah," akasema, akarudi kwenye miyaa yake.

Somo likaisha. Shangazi akajikokota mkekani, akaanza kupapasa. Kwa muuza samaki akasimama. "Hapa umelegea," akasema. Vidole vikasogea. "Hapa umekaza. Mpaka mwisho umekaza."

Akanifikia mimi. Niliona aibu: nilisuka huku nikifundisha, na kwa hofu ukili wangu ulikuwa ovyo mtupu, hata mtoto angeucheka. Akaupapasa wote polepole.

"Shangazi, nisamehe, mimi..."

"Mwalimu hasuki," akasema. Akaniondolea ukili mkononi, akaufumua, akakaa katikati ya wenzangu na kuanza kuusuka upya. "Haya, mwalimu. Rudia pale kwenye njia. Sikupasikia vizuri."