Kikapu cha Vichwa

Nilipofika mara ya kwanza kukodi chumba cha uani kwa Bwana Khelef, pale Al Garhoud, nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hotelini na usingizi umenijaa machoni. Nikanyoosha mkono kutundika mkoba kwenye msumari wa barazani, nikagusa kikapu. Ndani mlikuwa na vichwa. Vichwa vya bata, vimelaliana, vingine vya kijani, vingine vya kahawia, vyote vikinitazama kwa macho ya shanga nyeusi. Nikadhani naota nimesimama.

Mkewe, Bi Hilwa, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Usiogope, mwanangu," akaniambia. "Viwiliwili viko ndani."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hayo yalikuwa maneno ya kunituliza.

Mambo yalikuwa hivi. Bwana Khelef alichonga bata wa mbao, wale wanaowekwa waelee ziwani ili bata halisi wakipita angani wadhani ni wenzao, washuke. Karakana yake ilikuwa chumba alicholala binti yao Rumaisa kabla hajaolewa. Bi Hilwa alikitoa kwa sharti moja tu: sanamu nzima hailali ndani ya nyumba anayoswalia yeye. Kisicho na kichwa si sanamu, alisema, ni kipande cha ubao. Basi viwiliwili vikakaa chumbani, vichwa vikachongewa barazani na kulala kikapuni, na havikukutana mpaka vimefika ziwani, nyuma ya gari, buti ikiwa wazi. Kila shingo ilikuwa na kijiti chake na kila mgongo tundu lake, kazi safi ya seremala.

"Malaika wa rehema wana nyumba nyingi za kwenda hapa Dubai," Bi Hilwa alikuwa akisema. "Sitaki wafike kwangu wageukie mlangoni."

Mumewe hakubishana naye. Alikuwa ameunda majahazi kule Al Jaddaf tangu ujana hadi alipostaafu, na mtu aliyezoea mbao ngumu huwa hana haraka. Hawa bata alianza kuwachonga siku Luay, Mwiraki wa Basra anayepiga picha za ndege, alipomletea bata mkongwe wa mbao aliyevunjika mdomo, wa marehemu baba yake. Bwana Khelef akaunganisha mdomo. Kisha akamwonea huruma bata yule kwa upweke, akamchongea mwenzake. Khalas, akanasa yeye mwenyewe. Luay akawa anawachukua kuwavutia ndege mbele ya kamera, na hakuna bata aliyedhurika, isipokuwa kwa kupigwa picha asiyoiomba.

Nyumba ile ilikuwa chini ya njia ya ndege za abiria. Kila moja iliposhuka kuelekea uwanjani vioo vilitetemeka, na vichwa vikagongana kikapuni taratibu, kama wanawake wanaonong'onezana ukumbini bibi harusi akichelewa. Mchana nilikuwa najilaza baada ya zamu, mlango wazi kidogo, nasikia msasa ukipita juu ya mbao, unapita na kurudi, halafu ndege, halafu vichwa, halafu msasa tena. Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa jua bila kutua. Sijui ni mara ngapi nililala hivyo nikaota niko juu ya maji. Sijawahi kulala vizuri kama nilivyolala nyumba ile, nami nimelala nyumba nyingi.

Jamaa zao wa Unguja walikuwa wakipiga simu na utani ule ule, kwamba mjomba yuko Dubai anakula bata. Bi Hilwa aliwajibu bila kucheka: "Hawali. Anawachonga." Lakini ziwani hakuenda hata siku moja, na bata wa mumewe akiwa mzima hakumwona kamwe. Alivijua vichwa kwa sababu alivipangusa vumbi, na viwiliwili alivijua kwa sababu alijikwaa navyo.

Kisha macho yakaanza kumwacha Bwana Khelef. Yalimwacha pembeni kwanza, akawa anagonga mabega kwenye milango, halafu ukungu ukasogea katikati. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha potea hakirudi. Kufikia baridi ya mwaka 2016 nilikuwa namsomea makopo ya rangi: hili kijani, hili kahawia, hili jeupe.

Siku moja nikiwa nimeshika kopo la kijani akaniambia jambo. Alilisema polepole, kidole gumba kikipapasa shavu la bata.

"Khairunisa, Hilwa hajamwona hata mmoja mzima. Nataka amwone nami ningali na kazi mkononi. Aniambie alichokiona. Basi, sina jengine."

Nikamwuliza kwa nini asimwambie. Mke yuko jikoni, hatua chache tu.

"Nikimwambia, atakuja kwa ajili yangu. Atatazama kwa hisani. Mimi nataka atazame kwa ajili ya bata."

Nilikasirika, sikufichi. Sina subira na watu wanaopendana kwa kunyamaza. Nilitaka kuingia jikoni nikaseme mimi, lakini yeye aliniomba nisiseme, na nyumba ilikuwa yake, nikaumeza ulimi.

Bata wa mwisho alimchonga kwa vidole. Kisu kilikwenda kidogo, kidole gumba kikafuata kukagua, kisu tena. Shingo yake aliigeuza ikatazama nyuma, mdomo ukalala juu ya mgongo, kama bata anavyolala kweli akiwa ametulia. Shanga za macho hakumtia. "Huyu namlaza," alisema. "Aliyelala hana haja ya kuona." Rangi nilimpaka mimi, naye akanielekeza, na nilipopitiliza alijua, sijui kwa harufu au kwa nini.

Luay akapiga simu kwamba maziwa yale ya kuchimbwa, njia ya Al Qudra, yamejaa bata wa kutoka kaskazini. Hapo likazuka suala ambalo hatukuliwaza. Ukingo ni tope na utelezi, na Bwana Khelef haoni miguu yake. Luay atakuwa majini na vyombo vyake. Mimi si maharimu wake. Nani atamshika mkono?

Bi Hilwa alisimama kwenye mlango wa karakana akilifikiri hilo kwa muda. Kisha akaenda kuvaa baibui. "Nakuja kukushika mkono tu," akasema. "Mabata yenu siyatazami." Bwana Khelef akavaa kofia upesi upesi kabla mkewe hajabadili nia.

Tulifika asubuhi na ukungu. Mchanga, maji na mbingu vilikuwa kitu kimoja cheupe, na sauti zetu zilirudi karibu sana. Luay alipofungua buti na kuanza kuchomeka vichwa, Bi Hilwa aliipa gari mgongo, akatazama jangwa. Luay akaingia majini akawapanga, kila mmoja na uzi wake na chubwi yake ya kumzuia asichukuliwe na maji. Tukaketi nyuma ya matete, mimi na chupa ya chai, wao wawili wameshikana mikono. Muda mrefu hapakuwa na kitu. Nadhani nilisinzia.

Bwana Khelef ndiye aliyesikia kwanza. "Wanashuka," akanong'ona. Mabawa yakapita juu yetu, mengi, yakipiga hewa, na maji yakapasuka mbele. Ukungu ukajivuta kidogo. Bi Hilwa akainua macho. Nani asingeinua?

Kisha mumewe akamwuliza, taratibu sana, anaona nini.

"Wengi," akasema. "Wa vichwa vya kijani, na majike yao. Wanajitia maji mgongoni. Subhanallah." Halafu sauti yake ikabadilika. "Yule mmoja, lakini. Pale pembeni. Kajikunyata, kichwa kakirudisha nyuma, wenzake wanamzunguka wala hatikisiki. Maskini, atakuwa mgonjwa."

Nilimtazama Bwana Khelef. Kidole gumba chake kilikuwa kikipapasa mkono wa mkewe, kama kinavyopapasa mbao. Bi Hilwa aliuachia mkono wake, akakunjua viganja mapajani, midomo ikacheza kidogo. Nilidhani anasoma nyiradi za asubuhi.

Luay alipopata picha zake akasimama, na ziwa lote likaruka. Maji yakatulia. Wa mbao wakabaki wakiyumba kwenye nyuzi zao, na sasa hata mtoto angewajua. Bi Hilwa hakuwatazama hao. Alikuwa akimtazama mmoja tu.

"Mbona yule haruki?"

Luay akatoka majini na yule aliyelala kwapani, anachuruzika, chubwi ikining'inia tumboni. Bi Hilwa akanyoosha kidole, akamgusa mgongo, akagonga mara moja. Mbao.

"Huyu nimemwombea dua," akasema. "Baba Rumaisa, nimemwomba Mungu amponye."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na yeye akacheka mpaka akafunika uso kwa ushungi. Alipoufunua alikuwa analia. Akamchukua bata kwa Luay, mzima kama alivyo, akamweka mikononi mwa mumewe na kuibana mikono ile kwa mikono yake.

"Dua nishaiomba, haiwezi kurudi," akasema. "Basi ichukue weye."

Macho hayakurudi, nami sitadanganya kuwa yalirudi. Njia nzima Bwana Khelef alimpakata yule bata, na aliposhuka garini pale Al Garhoud Bi Hilwa alikuwa amekwisha tangulia barazani, kwa kuwa sharti ni sharti. Akampokea bata, akakishika kichwa, akakizungusha taratibu mpaka kijiti kikatoka, akakilaza kikapuni juu ya wenzake. Kisha akakiambia pole.