Mama Kona na Pikipiki ya Plastiki

Hebu mwone anavyofika. Saa moja na robo asubuhi, pikipiki nyekundu inaingia getini imelala ubavu hadi unashika roho, kisha inanyanyuka na kusimama taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Anashuka mama wa miaka arobaini na ushee, koti lake la mvua limepauka mgongoni. Nyuma yake anashuka abiria wake wa kila siku, mkufunzi wa chuo cha madereva wa pikipiki, anajipangusa vumbi.

"Asante, Mama Kona. Haya, ingia darasani tukufundishe kuendesha."

Msicheke bado, ndugu zangu.

Mama Kona amebeba watu miaka kumi na mmoja. Wauguzi, walimu, mafundi, hata kabati la vioo siku moja, na vioo vikafika vizima. Sasa imetoka kanuni: asiye na leseni ni dereva mpya, na dereva mpya asome siku kumi, afanye mtihani, apate cheti, ndipo apewe leseni. Hakuna aliyebisha, watu wanakwisha barabarani. Mwenyekiti wa kijiwe chao cha bodaboda akamalizia: "Jumatatu, asiye na cheti anirudishie kizibao cha kubebea abiria. Hata wewe, dada yangu."

Chuo kina pikipiki moja, kiti chake bado kina nailoni. Imefungiwa ofisini isije ikachafuka kabla ya mkaguzi kuja kuthibitisha kwamba chuo kina pikipiki. Kwa hiyo wanafunzi wanajifunzia kwenye viti vya plastiki. Unakaa, unashika hewa, unawasha kwa mdomo. Watu wazima ishirini wananguruma darasani.

"Wewe wa nyuma, mbona injini imezima?"

"Nimemeza mate, mwalimu."

Mtihani ukawa Ijumaa. Kinyozi mmoja, ambaye pikipiki alizipanda kwa kubebwa tu, akapata mia kwa mia. Alinguruma vizuri mno. Ikafika zamu ya Mama Kona.

"Kona kali, kushoto!"

Mwili una mazoea yake. Bega likashuka, goti likafunguka, kiuno kikafuata. Kiti hakikuwa na habari hizo. Kikateleza, mama wa watu akaenda chini pu!

"Abiria yuko salama?" kinyozi akauliza. Darasa likavunjika mbavu.

Mkufunzi hakucheka. Aliandika. "Anayeanguka kwenye mtihani amefeli."

"Mwalimu, nimeanguka na kiti!"

"Ndiyo hivyo. Kama kiti kimekushinda, pikipiki utaiweza?"

"Si mimi niliyekuleta asubuhi?"

"Asubuhi haikuwa mtihani. Rudi baada ya mwezi."

Mwezi! Na kizibao kinasubiriwa Jumatatu.

Mihuri ikagongwa. Vyeti vya wenzake kumi na tisa vikatiwa kwenye bahasha, na mkufunzi alitakiwa avifikishe ofisi ya leseni kabla haijafungwa. Zilibaki dakika ishirini. Kinyozi akajitokeza na pikipiki ya shemeji yake, kifua mbele.

"Panda kwangu, mwalimu. Mia kwa mia, umeandika mwenyewe!"

Mkufunzi akamtazama juu hadi chini. "Hongera sana, mwanangu. Lakini mimi nina familia."

Akamgeukia Mama Kona. "Twende, mama. Haraka kidogo, lakini salama, kama kawaida yako."

Mama Kona alikuwa ameshavaa kofia ngumu. Ufunguo ukabaki mkononi.

"Andika kwanza kwamba naweza."

"Kanuni hairuhusu, mama."

"Na kanuni inaruhusu mtu aliyefeli abebe abiria?"

Mkufunzi akatazama saa. Kinyozi akatazama bahasha. "Mama Kona, tafadhali," akasema polepole, sasa bila utani, "na changu kimo humo."

Nawe unayenisikiliza, ungekuwa na ufunguo huo mkononi, ungewasha?