Cheti Nilichojitilia Sahihi

Baba yangu, mstaafu wa kampuni ya madini, alitakiwa kuthibitisha kwamba yuko hai. Zamani wazee walipanga foleni kwenye hospitali ya kampuni, karani akawatazama usoni na kuweka alama. Siku hizi kuna programu ya simu: unaandika namba yako ya kazi, unajipiga picha, unatuma. Ambaye picha yake haijapokelewa hadi Ijumaa anafutwa kwenye orodha, na bila orodha baba hapati dawa zake za presha. Alianza kujipiga picha Jumamosi, amevaa koti la kanisani, na kila mara programu ilijibu: "Hitilafu. Jaribu tena." Alijaribu tena na tena, hadi akawa ananyoa ndevu kabla ya kila jaribio.

Fundi wa simu pale nyumbani ni mimi. Nina meza yangu mtaani Kikula, natengeneza simu na kompyuta, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi. Jumanne asubuhi nilimwambia baba kuwa waliounda programu ile hawajui kazi, nami nitawaonyesha. Nikaielekeza simu yake ipitishe mazungumzo yake yote kwanza kwenye kompyuta yangu, kwa njia ya proksi, ili nisome seva ya hospitali inajibu nini hasa nyuma ya neno "hitilafu".

Programu ikakataa hata kuzungumza. Haikukosea: kila seva huonyesha cheti cha kujitambulisha, na mahali pa cheti cha hospitali ilikuta changu. Baba akataka kujua cheti hicho nimepewa na nani. Nikasema nimekitengeneza mwenyewe.

"Weye moja unajiandikia attestation, na weye moja unaisaini?" akasema. "Ata ku commune bangekufukuza." Commune ni ofisi ya mtaa, wanakoandika vyeti vya watu.

Nikakiingiza cheti kwenye orodha ya vyeti ambavyo simu inaviamini. Kivinjari kikakubali, programu ikakataa. Kwenye simu za sasa, programu nyingi huamini vyeti vilivyokuja na simu yenyewe tu, si cha mtu aliyebisha hodi leo asubuhi. Nikaazima simu kuukuu ya jirani, ya enzi ambazo simu ziliamini kila mtu. Nikaweka humo programu na cheti changu. Nayo ikakataa. Niliitukana kimoyomoyo nusu saa nzima, ndipo nikagundua kuwa betri yake ilikuwa imeisha siku nyingi na kalenda yake imerudi nyuma miaka kadhaa. Kwa hesabu yake, cheti changu kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Nikarekebisha tarehe. Baba akajipiga picha nyingine, na jibu la seva likatokea kwenye kompyuta, zima, kwa Kifaransa: mwenye namba hii amefariki. Pembeni paliandikwa tarehe.

Ilikuwa tarehe aliyofariki mama.

Aliyejaza fomu ya kifo cha mama, kwenye programu ile ile, ni mimi. Penye namba ya kitambulisho cha marehemu niliandika namba ya kazi ya baba, bila kufikiri. Sisi watoto wa nyumba za kampuni kule Shituru tuliijua namba ya baba kabla ya kujua kuandika majina yetu. Hospitalini, shuleni, kwenye mgawo wa unga, nyumba nzima iliitwa kwa namba hiyo, na mama pia. Nyani haoni kundule: nilikuwa nimewasema mafundi wa watu tangu asubuhi, kumbe aliyemuua baba ni mimi. Niliona aibu sana, nikamweleza jinsi ilivyokuwa.

Nilitegemea anigombeze. Alivua koti, akalikunja magotini.

"Basi ku makaratasi yabo, mama yenu angali muzima?"

Nikamwambia ndiyo, ila asiwe na wasiwasi, kusahihisha ni kazi ya dakika mbili. Namfufua yeye, namwandika mama.

"Acha kwanza," akasema. "Leo njo mardi. Mpaka vendredi nitabakia mufu minye."

Sikubishana naye. Tangu Jumanne hiyo, kwa siku tatu, hakuigusa simu wala hakunyoa ndevu. Ijumaa asubuhi nikajaza fomu upya. Namba ya mama mwenyewe ilinibidi niitafute kwenye kadi yake ya kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, maana kwa miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kuijua.