Matatizo ya Kifamilia

Walimu wapya wakiniomba niwaonyeshe namna ya kuandika barua ya ruhusa, nawaonyesha. Kisha nawaambia waipeleke kwa mkono wao, wakae kitini, na waseme nani anaumwa. Huwa wananitazama kama mtu aliyezeeka kabla ya siku zake.

Mimi nilipangiwa shule moja ya msingi huko mbele ya Ndalambo, wilayani Momba, nikitokea milima ya Ileje. Ofisini wenzangu walitaniana kwa Kinamwanga, na mimi, Mndali pekee, nilicheka kwa kuchelewa, baada ya kuona meno yao. Jioni nilisonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja hauna raha hata uusonge vipi. Nilikuwa mpweke, na sikutaka mtu ajue.

Mwalimu mkuu alikaa nyumba iliyoungana na yangu. Nilisikia redio yake, nikasikia kikohozi chake. Lakini katika kikao changu cha kwanza nililalamikia ratiba, akanikatisha mbele ya wote: "Madam, hayo niletee kwa maandishi." Watu wakacheka. Nami hasira zangu ni za kimyakimya, nikanuna. Tangu siku ile kila kitu nilimwandikia: chaki, madawati, mlango wa darasa la tatu. Niliziacha barua mezani pake akiwa hayupo. Zilirudi zote na neno moja la wino mwekundu: "Nimeona." Tuliishi hivyo miezi minane, tumetenganishwa na ukuta wa tofali moja, shikamoo na marahaba, basi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Jumatatu asubuhi, dada yangu akapiga simu. "Mama hali chakula. Anakuuliza wewe tu. Njoo, mdogo wangu."

Nilimwandikia mkuu barua nzuri kuliko zote, kwa mwandiko wa ubaoni. Niliomba siku tano "kutokana na matatizo ya kifamilia yaliyo nje ya uwezo wangu", kama tunavyoandika sote. Mama sikumtaja. Niliona kumtaja ni kumbembeleza yule mzee, na nilikwisha kuapa kwamba simbembelezi. Nikaiweka mezani pake, nikarudi darasani.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Nilisikia redio yake ukutani nikasema moyoni, mtu huyu ana roho mbaya. Alhamisi niliandika ubaoni tarehe ya jana, wanafunzi wakanisahihisha.

Ijumaa niliingia ofisini kwake bila hodi.

"Mkuu, barua yangu."

Alifungua faili bila kuinua macho. "Madam, wiki hii nina barua nne za matatizo ya kifamilia. Mvua zimenyesha. Wenzako wakirudi nawaona na udongo kwenye kucha, wametoka kupanda mahindi. Nimesema mtakwenda kwa zamu. Haya, ya kwako ni matatizo gani?"

"Mama yangu anaumwa sana."

Akavua miwani. "Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na mimi si nipo hapo ukutani, mwanangu? Si ungegonga tu?"

Hakuna aliyekuwa ameniita mwanangu tangu nifike Momba. Nililia pale pale, nimesimama, na aibu zote. Yeye alitoka na barua yangu, akaisaini juu ya tanki la pikipiki yake, akanipakia mwenyewe mpaka stendi ya Tunduma. Njiani nilimsikia akikohoa, kikohozi kile kile.

Nilifika nyumbani jua linazama. Mama alikuwa hai. Alinishika mkono, akanitazama sana, midomo ikacheza, lakini neno halikutoka. Tulimzika wiki iliyofuata, na mkuu alikuja na walimu wote.

Ile barua ninayo bado. Juu ina tarehe yangu, ya Jumatatu. Chini, kwa wino mwekundu, imeandikwa "Ruhusa imetolewa", na tarehe ya Ijumaa. Dada anasema Mama aliongea vizuri mpaka Jumatano jioni. Kila pikipiki iliyopita barabarani, aliuliza kama ni mimi.