Maziwa Niliyoyarudisha Nyumbani Kwangu

Mwaka wa 2022, nikiwa na miaka sitini na moja, ndipo shida ilinianza. Zile za mbele sizihesabu. Kutolewa shule darasa la tatu, kulala njaa, kuswaga ng'ombe wa watu kwa miguu kutoka Embu hadi Meru, hizo zilikuwa kazi tu. Shida ni mke wangu kufa. Aliumwa na kichwa siku mbili, ya tatu akawa hayupo, na mimi nilikuwa sokoni nabishana juu ya ndama.

Nimenunua na kuuza ng'ombe miaka thelathini. Kazi hiyo inakufundisha jambo moja: anayekusifia mnyama wake anaficha mguu mbovu. Kwa hivyo simwamini mtu, na sioni aibu kusema. Ndiyo maana wiki ya tatu baada ya mazishi, kamati ya kituo cha maziwa hapa chini ya Nkubu ilikuja kwangu na sukari ya pole. Walikuwa wamemfukuza mpimaji wao kwa kuyafumbia macho maziwa ya maji. Mwenyekiti alizunguka weee na maneno ya Mungu, mwishowe akasema, "Mzee, tunatafuta mtu asiyeamini mtu."

"Mmefika," nikamwambia.

Ndugu zangu walinung'unika. Ati mwanaume mwenye kaburi bichi nyuma ya nyumba haanzi kazi mpya. Mimi nikajua wanataka niketi nizeeke haraka wapate kusogeza mpaka wa shamba. Kama nilikosea, Mungu anajua. Lakini sababu yangu ya kukubali haikuwa wao. Asubuhi ndiyo ilinishinda. Mtu akizoea kusikia kuni zikivunjwa jikoni kabla hajafungua macho, halafu asisikie, heri awe na mahali pa kwenda.

Nilipelekwa Meru mjini siku moja kufundishwa. Mwalimu alikuwa msichana mdogo. Akaanza na kipimajoto, akaeleza na kueleza, nami nikatoka kwenda kunywa chai, kwa sababu maziwa niliyajua kabla mama yake hajaolewa. Niliporudi alikuwa amefika kwenye laktomita, kile kioo chembamba unachokitumbukiza ndani ya maziwa. Kikielea juu, maziwa ni mazito, mazuri. Kikizama kupita alama, kuna maji. Hilo nililishika mara moja. Nikarudi nyumbani nikiwa mtaalamu.

Sasa nieleze nyumbani kwangu. Kijana wangu anafanya kazi Nairobi. Mke wake, ambaye kwao ni upande wa Runyenjes, anakaa kwangu na msichana wao wa miaka minne. Na kwetu, baba mkwe na mke wa kijana wake wana nthoni, ile heshima ya kuoneana haya. Siingii jikoni kwake. Hanipi kitu mkononi. Mbele ya watu hanijibu hata nikimkosea. Marehemu ndiye aliyepitisha maneno yetu yote. Nikitaka maji ya kuoga namwambia yeye, mkaza mwana akitaka chumvi ya ng'ombe anamwambia yeye. Baada ya yeye kufa, watu wawili wazima tulibaki katika boma moja bila mdomo.

Na mtu asiposemeshwa anaanza kuangalia. Niliona chumvi inaisha upesi. Nilimwona akiongea na simu nyuma ya migomba, na nikitokea anakata. Nikajiuliza anaongea na nani. Nikaona pia kitu kingine: kila asubuhi, kwenye ukuta wa kituo, nilikuta chupa ya uji wa moto imewekwa, haina mwenyewe. Nilishuku mjane mmoja jirani, rafiki ya marehemu. Nilisema moyoni, huyu hajangoja hata nyasi zimee kaburini. Uji huo sikuunywa hata siku moja. Niliwamwagia mbwa wa kituo, wakanenepa.

Kazi yenyewe niliifanya bila huruma. Foleni inaanza mapema kabla ukungu haujainuka, akina mama na mikebe yao, wachache na pikipiki. Walinipa jina la utani nisilolitaja. Mama mmoja aliwaambia wenzake nikiwa pale pale, "Huyu hata angepewa titi la mama yake, angepima kwanza." Wakacheka. Nikapima yake, nikamwambia leo umeponea.

Maziwa ya kwangu yaliletwa na mkaza mwana, na alikuwa wa kwanza kila siku. Kwangu ni karibu, mtu akikohoa kituoni unamsikia. Wiki ya kwanza kioo kilizama kila siku. Nikajifanya sikuona. Wiki ya pili kikazama tena, na nikayapitisha, na mchana kutwa nilijiona sawa na yule aliyefukuzwa. Hapo mambo yote yakajipanga kichwani: anauza mazuri kwa hoteli, anaongeza maji, anamletea mzee mjinga, na zile simu ni za kupanga.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, kioo kilipozama niliinua sauti. "Hii ina maji. Rudi nayo." Nikatia chaki nyekundu kwenye mfuniko, alama ya maziwa yaliyokataliwa, watu wote wakiona. Hakujibu. Aliinama, akachukua mkebe, akapanda mlima kurudi nyumbani. Nikasema unaona, hata hana la kujitetea.

Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la mtu wa huku. Nilimweka katika nthoni asinijibu, halafu aliponyamaza nikasema kimya chake ni wizi.

Jioni yule mjane alikuja kwangu, hakuketi. Alisema mkaza mwana anafunga nguo, anarudi kwao Runyenjes Jumamosi na mtoto. Alisema kijana wangu amejua na amesema mke wake aende, hawezi kukaa mahali anapoitwa mwizi. Nikamuuliza yeye anatafuta nini katika boma langu, na kama ni yule wa uji aache.

"Uji?" Aliniangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe mgonjwa. "Nikupikie uji kwa nini, wewe? Mkeo alimwambia mke wa kijana wako usiku wa mwisho kwamba hulagi kitu ukiamka, ila ukikuta chakula njiani utakula. Anakamua, anabeba maziwa na uji mbio ufike moto, arudi amtayarishe mtoto wa nasari. Na hizo simu ni mama yake, anamlilia. Mbele yako alie vipi?"

Nikamwambia aende. Uji ni uji, maziwa yalikuwa na maji. Nilikuwa bado sijaamini.

Ijumaa niliamka nikaenda zizini mwenyewe. Nilitaka nimshike mwizi kwa mkono wangu. Nilikamua, nikafunga mkebe, nikaubeba bila mtu mwingine kuugusa, nikafika kituoni wa kwanza. Nikatumbukiza kioo. Kikazama.

Niliketi juu ya kreti. Maziwa niliyokamua mimi, nikayabeba mimi, kioo kinasema nimetia maji. Nilishuku kioo, nikapima maziwa ya mama aliyetoka mbali: kikaelea vizuri. Nikamshuku ng'ombe. Nikahudumia foleni na mkebe wangu pembeni, na foleni ilipoisha, bila kujua ninatafuta nini, nikatumbukiza tena. Kikaelea. Maziwa yale yale.

Nilimpigia simu yule msichana wa Meru. Nikamweleza kama vile ni ya mtu mwingine. Akauliza swali moja tu: "Mzee, ulipima joto kwanza?" Akaeleza kwamba maziwa yanayotoka kwa ng'ombe sasa hivi yana joto na povu, kioo huzama ndani yake kama yana maji. Lazima yapoe. Alisema aliyafundisha hayo asubuhi, kabla ya chai.

Sikupoteza muda. Nilipanda nyumbani, nikasimama nje ya mlango wa jikoni kwake, mahali ambapo sijawahi kusimama. Mtoto alikuwa amekalia mfuko wa nguo. Nikasema bila kumwangalia mama yake, "Mwari, binti yangu, nimekosa. Maziwa hayakuwa na maji. Ni mimi sikujua kupima."

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Kisha akasema kutoka ndani, polepole, "Baba, ulinikosea mbele ya watu. Hapa mlangoni kuna kuku tu."

Nimeuza ng'ombe wa kila aina lakini sijawahi kubanwa bei namna hiyo.

Jumamosi nilimwomba, kupitia kwa yule mjane, alete maziwa kabla ya kupanda gari. Alikuja, na begi mgongoni na mtoto mkononi. Foleni ilikuwa imejaa. Nilipima mbele yao yakiwa moto, kioo kikazama, wakaguna. Nikatia mkebe ndani ya karai la maji baridi, nikawaambia wangoje. Wakapiga kelele wamechelewa, nikawaambia hata mimi nimechelewa. Maziwa yalipopoa nikamwita yule mama aliyenifanyia mzaha wa titi aje asome mwenyewe, kwa sababu macho yangu hayaaminiki. Akasoma. Yako sawa.

Nikasema kwa sauti ile ile niliyomrudisha nayo: "Huyu hakuiba. Nilitoka darasani kunywa chai nikidhani najua. Na kuna wengine wawili wa hapa karibu niliwarudisha hivyo hivyo, waje nitawaomba msamaha mmoja mmoja." Mwenyekiti alikuwepo. Nikamwambia kama kazi imeisha, imeishia hapo.

Yule mama akasema tu, "Kumbe mzee naye huzama." Hapo wakacheka, na mimi nikaacha wacheke. Mkaza mwana alichukua mkebe mtupu. Akaweka begi chini akajifunga leso vizuri, akalibeba tena, akamshika mtoto mkono, na badala ya kwenda barabarani akapanda mlima.

Kamati iliniweka mwezi mmoja chini ya macho ya yule msichana wa Meru, mzee wa miaka sitini na moja akifundishwa kusoma kipimajoto. Nilikubali. Bado nashuku watu, si uongo, lakini sasa kwanza naangalia kama maziwa yamepoa. Mkaza mwana naye tunasemeshana, si sana. Ananiambia chumvi imeisha. Namwambia nitaleta.

Leo nina ekari mbili na robo, hati iko. Nina mashina ya kahawa mia moja na themanini, na migomba. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, na ya mbao niliyoanzia. Mbuzi wanne. Tangi la maji. Kaburi moja, limejengwa vizuri. Kipimajoto changu mwenyewe, si cha kituo. Ng'ombe na ndama wake si wangu, nimempa mkaza mwana, na kituoni mwanachama ni yeye. Kazi bado ninayo.