Pil-rye Aliyekalia Maboksi

Kuna watu wana kipaji cha kukusemea mpaka mwenyewe ukajiona mgeni. Jong-uk, mtoto wa kwanza wa Gwak Pil-rye, ni mmoja wao. Mama yake alipotimiza miaka themanini, alikodi ukumbi pale mjini Sangju, Korea, akaagiza keki za mchele, akachapisha jina la mama kwenye taulo mia mbili za kuwapa wageni. Mpaka hapo, heko. Lakini akaona haitoshi. Akakodi mwandishi aandike kitabu cha maisha ya mama, tena kwa "mimi": mimi nilizaliwa, mimi niliolewa, kana kwamba mama ndiye kashika kalamu. Na kwa kuwa walitaka kumshtukiza, mama hakuulizwa hata neno. Maisha yake mwenyewe! Miezi minne mwandishi anakunywa chai kwa Tae-shik, mdogo wake Pil-rye, mwalimu mkuu mstaafu, na mwenye maisha yuko nyumba ya tatu tu, anatia kabichi chumvi.

Siku ikafika. Watoto na wajukuu wakampigia magoti, supu ya mwani ikanywewa, kisha Jong-uk akashika maikrofoni, machozi yakimlengalenga, akasoma: "Nilifaulu kwenda sekondari, lakini baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja tu. Niliacha shule kwa furaha. Nilimwachia mdogo wangu Tae-shik nafasi yangu huku natabasamu."

Ukumbi ukapiga makofi. Shangazi mmoja akajifuta macho kwa taulo mpya.

Pil-rye akaweka kijiko chini. Mwanzoni hakuelewa anasemwa nani. Alidhani kuna bibi mwingine, mpole, mtamu, amekaa kwenye kiti chake. Alipoelewa, damu ikamchemka. Furaha gani? Yeye aliyejificha siku tatu kwenye banda la kukaushia matunda, na alipotoka akakuta vitabu vyake vimechochewa moto jikoni, vimechemshia uji wa kulisha ng'ombe? Leo wageni mia mbili watakwenda na uongo huu makwao, na siku akifa, huo ndio utakaobaki ukisema "mimi".

Hakupiga kelele. Aliinuka na gauni lake la hariri, akajikokota mpaka mlangoni yalipopangwa maboksi ya vitabu, akayakalia. Jong-uk akamfuata mbio, akamnong'oneza kwamba wageni wanataka kuondoka na zawadi zao, asimwaibishe mbele za watu. Pil-rye akamjibu wapewe taulo, maana jina lililoandikwa kule ni lake kweli.

Akaja Tae-shik na mkongojo wake, na ule upole wa walimu wakuu ambao mimi huniudhi kuliko matusi.

"Dada, mbona unaharibu sherehe? Mimi ndiye niliyemweleza mwandishi. Siku ile ulikuwa unacheka, nilikuona kwa macho yangu."

"Uliona meno." Pil-rye akajigonga kifua. "Huku ndani ulikuwemo?"

Tae-shik akataka kusema, dada yake akamwahi.

"Ulikuwa mtoto, ungelia, ndiyo maana nikacheka. Sema dada alicheka, sikukatazi. Lakini kusema mimi nilifurahi, nani kakupa ruhusa?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wapo watu wakishachungulia mlangoni tu, wanakwenda kuandika kwamba hakina kunguni. Kisha wanataka na makofi.

Wageni walikuwa wameshavaa viatu, Jong-uk anafuta jasho. Hatimaye Tae-shik akauliza neno ambalo kwa miaka sitini na saba hakuwahi kuliuliza.

"Kwani dada, ulilia?"

Pil-rye akachomoa kitabu kimoja kwenye boksi, akakifungua ukurasa ule, akamwekea mkononi pamoja na kalamu ya wageni ya kuandikia majina.

"Futa 'kwa furaha'. Futa na hilo tabasamu. Andika: nililia siku tatu."

Tae-shik akainama, akafuta, akaandika. Alipomaliza akamrudishia kwa mikono miwili. Dada yake akakipokea, akasoma polepole, herufi moja moja, akakiweka kando. Kisha akampa kingine.

"Dada, viko mia mbili."

"Si ni wewe uliyepelekwa shule? Andika."